Kanda 186, daftari mbili na deki ya Langoni

Chumba kilikuwa cha ghorofa ya juu, mtaa wa Langoni, Lamu. Ndani yake mlikuwa na kanda za VHS 186, majarida na magazeti 312, daftari mbili za hesabu, na deki ya video iliyofunikwa leso. Mwenye mali alikuwa na duka la kukodisha na kunakili kanda tangu katikati ya miaka ya 1980. Biashara ilipokufa alifunga mlango akabeba kila kitu nyumbani. Kwa umri wake sasa ngazi zimemshinda, na wanawe walikihitaji chumba. Badala ya kutupa, familia iliafikiana kuukabidhi mkusanyo kwa hifadhi ndogo ya nyaraka ya hapo hapo mjini.

Mikusanyo ya namna hii mara nyingi huharibiwa na wanaoiokoa kabla ya kuharibiwa na mende. Kanda ya miaka 35 iliyokaa pwani huenda ikakubali kuchezwa vizuri mara moja tu. Kwa hiyo kazi nzito ni ile inayofanywa kabla ya kitufe kubonyezwa: kujua kanda ni ya nani, ilikaa wapi kwenye rafu, ilirekodiwa kwa mashine gani, na nani anaruhusiwa kuitazama. Katika kisa hiki mambo mawili yaliharibika, yote kwa haraka, na yote mwenye kusubiri siku moja angeyaepuka.

Kanda zenyewe zilikuwa za makundi matatu. Za hapa hapa zilikuwa 74: taarab za harusi, zefe (maandamano ya kuimba) na kirumbizi (mchezo wa bakora) za Maulidi, na maonyesho ya ukumbini. Nyingine 58 ni vipindi vya muziki vya televisheni, vingi vimerekodiwa Mombasa na kuletwa kwa basi mpaka Mokowe na kisha kwa mashua. Zilizobaki, 54, ni filamu za Kihindi za kununuliwa dukani ambazo wateja walizikodi kwa ajili ya nyimbo. Hizo za mwisho hazikunakiliwa kabisa. Zipo kwingine kwa ubora zaidi, nyingi zina kinga ya Macrovision inayofanya mwanga wa picha upande na kushuka ukijaribu kuzirekodi, na saa za kazi zilikuwa chache. Majalada yake yalipigwa picha, kwa sababu ndani ya kila jalada mna vipande vya karatasi vya mikopo ya duka vinavyoonyesha kanda ilitoka mara ngapi na mwezi gani. Kwa anayetaka kujua Lamu ilikuwa ikisikiliza nini, karatasi hizo ni bora kuliko filamu zenyewe.

Haraka ilikuwa na sababu zake. Deki za VHS hazitengenezwi tena. Mtengenezaji wa mwisho, Funai ya Japani, alisimamisha Julai 2016. Mwaka 2019 UNESCO na IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, walitoa tahadhari juu ya kanda za sumaku wakiutaja 2025 kuwa ukingo. Hawakusema kanda zote zitakuwa zimeoza mwaka huo. Walisema mashine, vipuri na mafundi vitakuwa adimu. Lamu ina shida yake ya ziada. Koga huota unyevu wa hewa ukipita asilimia 65, na kipima unyevu kilichoachwa chumbani wiki mbili za mwezi wa Mei hakikushuka chini ya 74. Hati za mkono za Msikiti wa Riyadha, zilizopigwa picha chini ya mradi wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini, nyingine ni za karne ya 19 na bado zinasomeka. Kanda ya harusi ya 1990 haina uvumilivu huo.

Nusu saa iliyovuruga rafu

Siku ya kwanza vijana wawili wa kujitolea waliachwa peke yao na rafu ya majarida. Kwa nia njema wakayapanga kwa majina: Filmfare huku, Drum kule, matoleo machache ya Joe pembeni, kurasa za burudani za magazeti ya Kenya kwenye boksi lao. Nusu saa ilitosha.

Kilichopotea kilionekana kesho yake, daftari ya kwanza ilipofunguliwa. Mwenyewe hakupanga kwa jina la jarida wala kwa mwaka. Alipanga kwa lahani. Jarida lenye habari za filamu fulani lilikaa kando ya kanda ya taarab iliyochukua lahani ya wimbo wa filamu hiyo, na pembezoni mwa ukurasa, kwa penseli, mlikuwa na jina la mwimbaji wa pwani na nambari ya kanda. Kwamba taarab ya pwani ya Kenya imekopa lahani za Kihindi si siri, na Juma Bhalo wa Malindi ndiye anayetajwa kwanza kila mada hii inapozuka. Lakini mtu aliyesikiliza pande zote mbili kwa miaka na kuandika mkopo mmoja mmoja, huyo ni nadra. Ukilitenga jarida na kanda yake, unabaki na jarida kuukuu na kanda kuukuu.

Waliookoa jahazi ni wadudu. Majarida yaliyokaa pamoja kwa miaka mingi hutobolewa pamoja: mdudu anaingia kwenye jalada la kwanza, anapenya mpaka la tano au la sita, na tundu linafuatana mahali pale pale kwenye kila ukurasa. Kwa kupanga matundu yalingane, kisha madoa ya maji, kisha alama za kutu za pini, majarida zaidi ya 200 yalirudi kwenye jirani zao. Alama za penseli zilisaidia mengine. Yapata 40 hayakupata pahala, na kwenye orodha yameandikwa hivyo wazi: «mpangilio wa asili haujulikani». Kazi hiyo ilichukua siku tisa.

Ambacho kingefanywa ni chepesi. Kila rafu inapigwa picha kama ilivyo, kutoka kushoto kwenda kulia, kabla ya mkono kugusa chochote. Kila kitu kinachomekwa ukanda mwembamba wa karatasi isiyo na asidi wenye nambari ya rafu na nafasi yake, kwa penseli laini ya 2B. Wino haufai, gundi haifai, na nambari haiandikwi juu ya kitu chenyewe. Mtu mmoja kwa siku moja angemaliza.

Daftari nazo zilihitaji msomaji wake. Kurasa za mwanzo ni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, za mwisho kwa herufi za Kirumi, na lahaja ni Kiamu: kuya, mayi, nde. Kwenye orodha ya hifadhi maneno hayo yameachwa kama yalivyo, na kuja, maji, nje yakaongezwa kwenye safu ya pembeni ili mtu wa Nairobi au Tanga akitafuta aone. Tarehe nyingi ni za Kiislamu kwa hesabu ya mifungo. «Mfungo Sita 1411» ni mwezi wa Maulidi, na kwa kalenda ya kawaida ni Septemba na Oktoba 1990. Tarehe ya asili huandikwa kwanza, ile iliyogeuzwa ikafuata. Asiyefanya hivyo akikosea kugeuza hana pa kurejea. Vipindi vya televisheni visivyo na tarehe vilipata mwaka kutokana na nembo za vituo: Sauti ya Kenya ilirudi kuwa KBC mwaka 1989, na KTN ilianza 1990. Ndiyo maana matangazo ya biashara hayakukatwa. Tangazo la sabuni wakati mwingine ndilo linalotaja mwaka.

Deki isiyotakiwa

Deki ya mwenyewe ilikaribia kuachwa chumbani. Ilikuwa na kutu, ilikataa kumeza kanda, na hifadhi ilikwisha kupata deki mbili bora zenye tundu la S-Video, linalotoa picha safi zaidi. Lakini daftari ilionyesha kwamba kanda nyingi za televisheni zilirekodiwa kwa mwendo wa LP, ambao huifanya kanda ya E-180 ibebe saa sita badala ya tatu. Mfanyabiashara yeyote angefanya hivyo. Kanda tupu ilikuwa ghali.

Hapo ndipo penye ugumu. Kwenye VHS ya PAL, mfumo wa televisheni uliotumika Kenya, kila mstari wa picha uliorekodiwa juu ya utepe una upana wa milimita 0.049 kwa mwendo wa kawaida. Kwa LP ni nusu ya hapo. Utepe huongozwa na vijiti viwili kabla na baada ya kuizunguka ngoma ya vichwa, na urefu wa vijiti hivyo ukipungua au kuzidi kidogo sana, mistari huandikwa kwa mteremko wa peke yake. Deki iliyoandika kwa mteremko huo huusoma bila taabu, kwa kuwa kosa lake la kusoma ni lile lile la kuandika. Deki nyingine, hata iwe bora mara kumi, huonyesha mkanda wa chenga juu au chini ya picha, na sauti ya Hi-Fi, inayorekodiwa pamoja na picha, inakwaruza. Kanda tatu za LP zilijaribiwa kwenye deki nzuri, zote zikatoa chenga. Deki yenye kutu ikafuatwa Langoni.

Ilihitaji belti mpya mbili, gurudumu jipya la mpira linalobana utepe (la zamani lilikuwa limekauka likang'aa kama kioo), na grisi ya zamani kufutwa na kupakwa nyingine. Vijiti vya kuongoza utepe havikutakiwa kuguswa. Fundi, kwa mazoea ya kazi yake ya siku zote, alikizungusha kimoja robo mzunguko ili «kuinyoosha» deki, na kwa kipimo cha kiwandani alikuwa sahihi kabisa. Kwa mkusanyo huu alikuwa ameufunga mlango. Siku nzima ilipita kanda moja ya mwenyewe isiyo na thamani ikichezwa huku kijiti kikirudishwa kidogo kidogo mpaka chenga zikatoweka. Tangu hapo kila kijiti kimewekwa tone la rangi ya kucha, nusu juu ya skrubu nusu juu ya chuma, kiasi kwamba kikisogea hata unywele ufa unaonekana. Tone hilo liwekwe kabla deki haijafika mezani kwa fundi.

Koga

Kanda 22 zilikuwa na koga. Hugunduliwa bila kufungua: ukiinamisha kanda kwenye taa na kutazama kupitia kidirisha, utepe safi ni mweusi na laini kama maji yaliyotulia, wenye koga una vumbi jeupe au duara za kijivu kandokando. Kanda hizo zilitengwa siku hiyo hiyo kwenye makasha ya plastiki ya lita 50 yenye mfuniko wa mpira, kila moja na kilo moja ya silika na kipima unyevu kidogo. Unyevu uliposhuka chini ya asilimia 40 uliachwa hapo wiki nne. Koga iliyolala hugeuka unga unaofutika. Iliyo hai hupakaa kama siagi na kuingia ndani zaidi. Silika ya rangi ya chungwa ndiyo iliyotumika, si ya buluu, ambayo ina kobalti; ikishiba maji hurudishwa ovenini kwa nyuzi 120 kwa saa mbili.

Utaambiwa kanda zinaokwa. Kuoka ni tiba ya tepe fulani za sauti na za U-matic (kanda za video za studio) ambazo gundi yake imenyonya maji, tena kwa nyuzi 50 hivi na kwa kipimajoto, na hakuondoi koga. Utaambiwa pia zigandishwe kwenye friza. Utepe wa sumaku usigandishwe kamwe, maana kilainishi chake hutoka juu na vichwa vya deki huziba.

Usafishaji wenyewe ulikwenda hivi. Meza inawekwa nje ya chumba cha kazi, upande upepo unakokwenda, na barakoa ya N95 na glovu ni lazima. Kanda inalazwa kifudifudi na skrubu zake tano zinatolewa. Inageuzwa tena ikiwa imeshikwa kwa mikono miwili, ndipo ganda la juu linainuliwa taratibu. Hapa ndipo wengi huumbuka: kipande cha breki chenye springi ndogo kama ya kalamu huruka, na mlango wa mbele nao una springi yake. Ipige picha kwa simu kabla ya kutoa chochote. Magurudumu mawili yanatolewa pamoja na utepe wake, yanapanguswa kwa brashi laini huku kifyonza vumbi chenye chujio la HEPA kikinyonya kando, kisha yanahamishiwa kwenye ganda safi la kanda nyingine ya aina ile ile. Ganda la zamani halitupwi mpaka lebo yake ipigwe picha na kubanduliwa.

Baada ya hapo utepe unazungushwa mwanzo hadi mwisho kwenye mashine ya kurudishia iliyofunguliwa, ukipita katikati ya vitambaa viwili visivyoacha nyuzi, vikavu. Spiriti ya aisopropili ya asilimia 99 hutumika kwa madoa tu, kidogo, ikaachwa ikauke. Kitambaa kinasogezwa kila dakika; ukikiacha pale pale, unaupaka utepe mzima uchafu wa mwanzo wake. Kanda ya saa tatu ina utepe wa mita 258 hivi, na ilikula vitambaa kati ya vinne na sita.

Kanda iliyosafishwa huchezwa kwanza kwenye deki ya kafara, ile ambayo ikiharibika hakuna atakayelia. Picha ikigeuka theluji ghafla, vichwa vimeziba. Ngoma ya vichwa ina kipenyo cha milimita 62 na kwenye PAL huzunguka mara 1,500 kwa dakika. Hii si ngoma ya kuchezewa. Inasafishwa mashine ikiwa imezimwa: kijiti chenye ngozi laini na spiriti kinatulizwa kando ya ngoma, na ngoma ndiyo inayozungushwa kwa kidole kutoka juu. Kijiti hakipandi wala hakishuki. Ukipangusa juu-chini unavunja ncha ya kichwa, na kichwa kipya hakipo dukani.

Kati ya 22, kanda 18 zilinakiliwa.

Kunakili

Makadirio yalikuwa saa 340 za picha: 128 kwa kanda za hapa, 212 kwa za televisheni. Kanda hunakiliwa kwa mwendo wake wenyewe, haiharakishwi, na kwa saa nne za kazi halisi kwa siku hizo ni siku 85. Hesabu ya wanaosema «wiki mbili zitatosha» huwa haina kusafisha vichwa, haina kukatika umeme, na haina mtu wa kutazama. Deki, kompyuta na kila kilicho kati yake viliwekwa kwenye betri ya UPS, kwa sababu umeme ukikatika kanda ikiwa ndani, utepe hubaki umekumbatia ngoma na unyevu huugandisha hapo.

Ishara ilitoka deki kwa waya wa S-Video, ikapita kwenye kirekebishi cha TBC kinachonyoosha mistari inayoyumba, kisha kwenye kadi ya kompyuta. Vile vidude vya bei nafuu vya kuchomeka kwenye USB viliepukwa: hubana picha humo humo, hupoteza fremu kimya kimya, na baada ya saa moja mdomo wa mwimbaji uko kwake na sauti iko kwake. Faili ya hifadhi ni FFV1 (njia ya kubana picha) ndani ya Matroska (aina ya faili ya video), biti 10, na sauti ya 48 kHz na biti 24. FFV1 hubana bila kupoteza kitu, hubeba ndani yake alama za kugundua faili iliyoharibika, na tangu 2021 ni kiwango kilichochapishwa wazi. Saa moja ya PAL bila kubanwa ni karibu GB 100; kwa FFV1 ilitoka karibu GB 40. Saa 340 ni kama TB 13.6.

Njia mbili za sauti zilichukuliwa kila zilipokuwepo: ile ya ukingoni mwa utepe na ile ya Hi-Fi iliyo pamoja na picha. Ya ukingoni ni hafifu, udi husikika kama umefunikwa mto, lakini haikatiki. Ya Hi-Fi ni safi mpaka utepe ukwaruzike, hapo hunguruma. Atakayesikiliza kesho achague mwenyewe.

Uamuzi mmoja ulizua ubishi. PAL huandika nusu-picha 50 kwa sekunde, na programu nyingi zikiachwa zitaziunganisha ziwe picha 25. Kwa mwimbaji aliyekaa na udi hakuna tofauti. Kwa kirumbizi tofauti ni kubwa: bakora inashuka upesi kiasi kwamba kwenye picha 25 inaonekana bakora mbili au kitana cha mistari, na mchezaji anayekinga anaonekana kama amepigwa. Faili ya hifadhi iliachwa na nusu-picha zake kama zilivyorekodiwa, na nakala ya kutazama ikatolewa kwa picha 50 kamili. Inakula nafasi zaidi. Inafaa.

Majarida

Karatasi ina adui tofauti, na hapa friza inaruhusiwa. Majarida yenye dalili za wadudu yalifungwa kwenye mifuko miwili miwili ya plastiki, hewa ikabanwa nje, yakawekwa kwenye friza kwa wiki mbili, muda mrefu zaidi kwa kuwa kipimajoto kilionyesha nyuzi 18 tu chini ya sifuri na si 20. Yalipotolewa, mifuko haikufunguliwa kwa saa 24, la sivyo umande hutua juu ya karatasi badala ya juu ya plastiki. Friza ilikuwa mpya. Lamu friza hazikosekani, ila iliyowahi kulaza samaki hailiachi jarida salama.

Jarida la karatasi ya kung'aa likilowa likakauka likiwa limefungwa, kurasa hugeuka ubao mmoja; ule udongo mweupe uliopakwa kuzing'arisha hugeuka gundi. Sita yalikuwa hivyo na hayakulazimishwa kufunguka. Pini zilizoota kutu kwa hewa ya bahari zilinyooshwa kwa bapa la chuma chembamba kutoka ndani, zikatolewa, na kurasa zikashonwa kwa uzi wa kitani kupitia matundu yale yale. Kifaa cha ofisini cha kung'olea pini huchana karatasi ya miaka 40 kama chapati.

Hayakuchanganuliwa yote 312. Yalichaguliwa 120 yenye alama za penseli, kama kurasa 5,280, kwa skana ya juu, pikseli 400 kwa inchi, rangi kamili. Ukurasa wa A4 hutoa faili ya TIFF ya karibu MB 46. Nyeusi na nyeupe ingepunguza ukubwa, lakini penseli juu ya picha ya rangi ingetoweka, na penseli ndiyo iliyotafutwa. Filmfare zilizobaki zilizopo kwenye maktaba kubwa ziliorodheshwa tu.

Kanda za upande wa wanawake

Kanda 27 kati ya 74 ni za shughuli za wanawake, hasa kupamba: bibi harusi anatolewa, wenye shughuli wamejipamba, buibui zimewekwa kando, na mwanamume hayumo ukumbini isipokuwa pengine wapigaji walio nyuma ya pazia. Muziki wake ni miongoni mwa muziki bora wa mkusanyo mzima. Picha yake haikukusudiwa macho ya nje siku ile, na kupita kwa miaka 30 hakujaibadilisha.

Kwa hiyo kanda hizo zilinakiliwa na wanawake wawili wa hifadhi, mlango ukiwa umefungwa, skrini ikiwa imegeuzwa ukutani. Faili zake ziko kwenye diski yenye neno la siri lisilojulikana na wengine. Orodha inataja mwimbaji na vyombo, haitaji nyumba wala bibi harusi. Sauti peke yake ilitolewa kwa kusikilizwa hapo hifadhini pale tu familia na mwimbaji walipokubali. Intanetini haikwenda hata dakika moja. Sheria ya Kenya ya 2019 ya kulinda data inatoa msingi, lakini mtaani msingi ni mwingine: hifadhi inayovujisha kanda moja ya kupamba haitakabidhiwa kitu tena na nyumba yoyote ya Lamu.

Kumiliki kanda, pia, si kumiliki kilichomo. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi ya picha na sauti hulindwa miaka 50, na wimbo hulindwa mpaka miaka 50 baada ya mwaka aliokufa mtunzi wake. Mpiga kamera, mwimbaji na malenga aliyetunga maneno ni watu watatu. Hati ya makabidhiano iliyosainiwa na mzee na wanawe iliihamishia hifadhi kanda, daftari, deki na ruhusa ya kunakili kwa kuhifadhi. Haikudai zaidi, kwa sababu mzee mwenyewe hakuwa na zaidi ya kutoa.

Tena, daftari ya pili ilifichua kwamba kanda 11 hazikuwa zake hata kidogo. Ziliachwa dukani zinakiliwe, wenyewe hawakurudi kuzichukua. Kila jina lilifuatwa kwa njia ya jamaa na mashangazi, kimya kimya, na hakuna iliyochezwa kabla ya jibu. Nane zimerudi nyumbani kwao pamoja na nakala, bila hifadhi kubakiza chochote. Familia mbili zimesema zikae zimefungwa.

Ya kumi na moja ni nambari 61, miongoni mwa zile nne zenye koga zisizonakiliwa. Mwenyewe yuko Muscat, na jibu halijafika. Imelazwa kwenye kasha na kilo yake ya silika, unyevu asilimia 38 mara ya mwisho ulipopimwa, na duara la kijivu upande wa kushoto halijapanuka tangu kaskazi.